Ankara ya Chemnitz

Erzgebirge, 3 Novemba

Dada Traudel,

Salamu nyingi, na natumaini magoti yako bado yanakubeba. Huku kwetu wazima, ila baridi imeshaanza kutung'ata masikio. Mjukuu wangu Jannik amevunja jino la mbele kwa skuta, na anavyojivunia utadhani katoka vitani. Maboga yalikuwa mengi mwaka huu. Nimepika supu mpaka majirani wakiniona na sufuria wanajifungia ndani. Jumatano tunakutana kama kawaida kwenye kikundi chetu cha kufuma lesi, wanawake tisa na keki moja, na umbea wa kutosha keki kumi.

Haya, nina jambo. Si langu. Jirani yangu Bi Uhlig, yule wa nyumba ya kijani, mkono wake wa kulia unatetemeka. Unatetemeka kama wa marehemu mama ulivyoanza, na ndiyo maana hata mimi nimeingiwa na hofu. Anatafuta kliniki ya mishipa ya fahamu hapa karibu, inayopokea bima ya umma. Kapiga simu mpaka kachoka. Hajamaliza hata salamu, anaulizwa: "Bima yako ya umma au ya binafsi?" Akisema ya umma, basi, hawapokei wagonjwa wapya. Kliniki moja ya Chemnitz imemwambia ajaribu tena mwezi wa nane. Wa nane, Traudel! Na sasa hivi ndio kwanza Novemba.

Nikakukumbuka wewe, mwalimu mstaafu wa serikali, bingwa wa kupambana na maofisi, na kwa hiyo bima yako ya binafsi milango inafunguka kabla hujabisha. Mtu kama yeye afanyeje? Nijibu upesi, ananisumbua sana.

Pacha wako, mdogo kwa dakika ishirini tu,
Linde


Oldenburg, 19 Novemba

Mdogo wangu Linde,

Ahsante kwa barua. Mimi mzima. Mvua hapa hainyeshi, inakaa tu hewani siku nzima kama mgeni asiyejua kuaga. Kwaya tunafanya mazoezi ya Krismasi, na sauti za juu bado wanaimba kama paka aliyekanyagwa mkia. Samahani nimechapa kwa mashine. Mwandiko wangu umeharibika na wewe una macho ya kuchambua.

Kuhusu Bi Uhlig. Aende kwa daktari wake wa kila siku, aombe karatasi ya rufaa ya dharura. Karatasi hiyo iwe na ile namba ndefu ya kuombea miadi. Akishaipata, apige simu ya taifa ya miadi, nao wanatakiwa wamtafutie daktari ndani ya wiki nne. Bila hiyo namba watamsikiliza kwa adabu na kumwacha palepale alipo.

Nina maswali. Mkono unatetemeka akiwa ametulia, au akiwa ameshika kikombe? Kahawa asubuhi bado anaisikia harufu? Usiku anaweza kugeuka kitandani? Bega upande huohuo linamuuma?

Na swali moja lako wewe. Barua yako ilianza na herufi za kawaida, lakini kufika mwisho zimekuwa sisimizi. Nimesoma kwa kioo cha kukuzia. Unabana karatasi siku hizi?

Mwambie Bi Uhlig asichelewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dada yako,
Traudel


Erzgebirge, 8 Desemba

Dada Traudel,

Salamu. Theluji imefika magotini, na Jannik amepata jino la bandia ambalo ameshalimeza mara moja. Tulisubiri siku mbili. Limepatikana.

Maswali yako nimemfikishia Bi Uhlig. Mkono unatetemeka akiwa ametulia. Kahawa haisikii, ni kama anakunywa maji ya moto. Kugeuka kitandani ni kazi ya nusu saa. Bega ndiyo. Sasa niambie wewe: ualimu wako ulikuwa wa jiografia, haya ya bega na kahawa umeyasoma wapi? Hata mimi niliyekaa na mama miaka minane siyajui. Huko Oldenburg una nani anayetetemeka?

Rufaa hataki. Unamjua Kerstin, anayekaa dirishani kwa daktari wetu? Ndiye mwenye kuandika rufaa zote, na kila Jumatano anakaa kiti cha pili kutoka changu kwenye lesi. Nikimwambia asubuhi "nipe karatasi ya mishipa ya fahamu," nikifika duka la mikate, mikate yenyewe itanipa pole. Bi Uhlig akimwambia, namaanisha. Wataanza kumhurumia. Watamwambia apumzike nyumbani. Mtu aliyefuma lesi tangu ana miaka sita, ukimwambia apumzike umemzika.

Kwa hiyo anaendelea kupiga simu mwenyewe. Wiki hii kliniki kumi na moja. Moja walimwekea muziki dakika arobaini, kisha wakakata.

Krismasi unakuja? Huu sasa ni mwaka wa pili hujakanyaga huku. Kwanza ilikuwa goti, kisha kwaya, kisha paka wa jirani. Mimi si mjinga, Traudel. Nimekukosea nini?

Linde


Oldenburg, 18 Desemba

Linde,

Nawatakia Krismasi njema, wewe na watoto na jino la Jannik. Kifurushi cha chai na biskuti za siagi kitafika kabla ya sikukuu, usigawe zote. Mimi sitaweza kuja. Treni zinachelewa, na kwaya tunaimba siku zote mbili. Hujanikosea kitu. Tuishie hapo.

Ila jana nilikuwa napanga barua zako za zamani. Mwaka juzi, mwezi wa nne, uliniandikia kurasa mbili kuhusu mazishi ya Bi Uhlig wa nyumba ya kijani. Ulilalamika kwamba mchungaji alikosea jina lake na kahawa ilikuwa nyepesi.

Nimesoma mara tatu, nisije nikakusingizia. Alikufa, akazikwa, na sasa anatafuta kliniki inayopokea bima ya umma. Hata kwa nchi yetu hiyo ni subira ya kupita kiasi.

Nani anatetemeka, Linde?

Traudel


Oldenburg, 9 Februari

Linde,

Wiki saba hujajibu. Simu unapokea, unasema "maziwa yanachemka," unakata. Hakuna maziwa yanayochemka wiki saba.

Leo posta imeniletea ankara. Inatoka kliniki ya mishipa ya fahamu, Chemnitz. Imeandikwa Bi Irmtraud Behrens, anwani yangu, tarehe yangu ya kuzaliwa. Inasema tarehe 10 Januari nilipimwa hapo nusu saa nzima. Nilitembezwa koridoni, nikagongwa magoti, nikaandikiwa dawa. Chini yake, kwa herufi nyeusi ambazo hata postamani angezisoma kama bahasha ingefunguka, wameandika ugonjwa wangu: Parkinson.

Tarehe 10 Januari nilikuwa hapa Oldenburg, nakata kabichi.

Tarehe ile ya kuzaliwa duniani tunaishiriki wengi, najua. Lakini tarehe hiyo, pamoja na jina langu, na nyumba yangu mpaka namba ya mlango? Anayeyajua yote matatu ni mmoja. Nimefundisha miaka thelathini na sita na sijawahi kusaini kitu cha uongo. Umekwenda kujiita mimi! Kama bima wangepelekewa karatasi hii ningesema nini? Kama ningeipeleka polisi, kama ambavyo mtu mwingine yeyote angefanya? Nilishavaa koti niende. Nilifika mlangoni nikavua.

Nataka maelezo, kwa maandishi, na maziwa yaache yachemke.

Irmtraud


Erzgebirge, 15 Februari

Traudel,

Leo hakuna habari za theluji. Ni mimi. Ulijua ni mimi.

Sikupanga. Tarehe 4 Januari nilipigia kliniki ileile iliyoniambia mwezi wa nane. Msichana yuleyule, sauti ileile ya mafua.

"Bima ya umma au ya binafsi?"

Sijui nini kilinishika. Nikasema, "Ya binafsi."

"Aa, karibu sana mama! Jumanne ijayo saa nne asubuhi itakufaa? Au ungependelea mchana?"

Ungependelea! Traudel, miaka sitini na tisa hakuna daktari aliyewahi kuniuliza ningependelea nini. Nilisimama na simu mkononi nalia kama mtoto. Akauliza jina. Langu halina bima ya binafsi, mdomo ukasema lako. Kwenye fomu nikajaza na anwani yako, maana jina lako na nyumba yangu vingegombana.

Na nilidhani mambo yataishia hapo. Nilidhani ni kama kwa msusi, unahudumiwa, unalipa mezani, unaondoka. Bahasha nilikuwa nayo mfukoni, pesa zangu za lesi. Nilipoitoa, yule msichana akacheka. "Usijali mama, ankara itakuja nyumbani." Nyumbani kwa nani? Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuona ankara ya daktari. Sisi tunaonyesha kadi, wao kwa wao wanamalizana huko juu. Ningejuaje kwamba ninyi mnaletewa barua nyumbani na ugonjwa umeandikwa juu yake? Kila asubuhi nilikuwa nasema labda imepotea njiani. Nimekosa, na naomba radhi. Nimekosa kweli.

Ndio ule wa mama. Daktari amesema nimekuja nimechelewa, lakini dawa itasaidia. Dawa yenyewe ameiandika kwa jina lako, na duka la dawa hapa ni moja, mwenye duka nilikaa naye dawati moja. Karatasi nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Kwa hiyo ugonjwa ninao na dawa sina. Jumatano iliyopita nilidondosha vijiti vya lesi mara nne, nikawaambia sakafu inateleza. Vijiti, Traudel, si miguu!

Umeshanisikia. Sasa na mimi nina langu.

Yule daktari aliniuliza maswali. Mkono ukitulia au ukishika kikombe. Kahawa. Kugeuka kitandani. Bega. Maswali yaleyale yako, kwa mfuatano uleule. Nyumbani nikatoa barua zako zote za miaka hii miwili, nikazipanga mezani. Zote za mashine, mpaka kadi ya siku ya kuzaliwa. Na hii ya mwisho, umegomba ukurasa mzima kuhusu jina lako, koti lako, kabichi yako. Pacha wako ana ugonjwa uliomuua mama yetu, na hukuandika hata "maskini." Hukushangaa. Mtu asiposhangaa, ni kwamba anajua.

Unajua nini?

Linde


Oldenburg, 1 Machi

Linde mdogo wangu,

Barua hii naandika kwa mkono. Ukiona herufi zinavyojikunja utanielewa kabla sijamaliza sentensi.

Mimi pia. Mwezi wa tano mwaka juzi. Nilishindwa kufunga kifungo cha blauzi, nikapiga simu Jumatatu. Ijumaa nilikuwa naulizwa kuhusu kahawa. Jumamosi nilikuwa nimeshaanza dawa. Siku tano. Ndiyo maana ile ankara haikunishtua kwa ugonjwa, ilinishtua kwa mji tu. Kwa jina langu na tarehe yangu, kila walichokiandika ni kweli.

Sikuja Krismasi kwa sababu ungeniona nikinyanyua kijiko. Wewe ulimlisha mama miaka minane, mimi nilituma maua. Ningekuandikiaje kwamba sasa ni zamu yangu? Niliogopa usingesema kitu, ungechukua treni ukaja unilishe na mimi. Na niliogopa pia ungesema "stahili yako." Nilikuwa nayawaza yote mawili usiku mmoja.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Daktari wangu siku ileile alipojua tumezaliwa wawili aliniambia, "Mwambie dada yako, asisubiri mpaka aone dalili nyingi." Miezi mitatu baadaye akauliza kama nimekuambia. Nikasema ndiyo. Nilimtazama usoni nikasema ndiyo. Mimi, ambaye sijawahi kusaini uongo.

Barua yako ya Novemba, nilipoona zile herufi, nilijua. Ningeweza kupiga simu siku ileile. Badala yake nikakuuliza kuhusu karatasi.

Ankara usiiwaze tena, nimeilipa mwenyewe, bima sijawapelekea. Ile karatasi ya dawa ichane.

Tangu Krismasi kuna kitu nafanya, na kisheria sijui kinaitwaje. Kila asubuhi saa mbili nakuwa Gerlinde Süß, bima ya umma. Nimepigia kliniki ishirini na tatu. Mwanzoni nilikuwa nakasirika na kutaja cheo changu, kisha nakumbuka mimi ni wewe na cheo sina. Wamenikatia, wamenicheka, mmoja akaniuliza kwa nini siji na bima nzuri zaidi. Sikujua watu wanasemeshwa hivyo, Linde. Nimeishi miaka sitini na tisa nikidhani madaktari ni watu wenye adabu.

Jumatatu nimepata. Zschopau, kliniki ndogo juu ya duka la viatu, daktari ni mama wa makamo mwenye sauti ya kuvuta sigara. Anapokea bima ya umma. Jumanne tarehe 14 Machi, saa tatu na nusu asubuhi, mgonjwa mmoja ameahirisha. Wanataka vitu viwili: kadi yako, na karatasi ya rufaa. Hiyo ya pili siwezi kukuombea kwa simu. Itabidi uende dirishani kwa Kerstin, kwa miguu yako na jina lako. Nakuomba. Nimekukosea vya kutosha, usijikoseshe na wewe.

Traudel


Erzgebirge, 8 Machi

Traudel,

Salamu sina.

Miaka miwili kasoro! Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasimama tena, nikaenda kupiga zulia uani mpaka jirani akaniuliza limenifanya nini. Ungeniambia mwezi wa tano ule, ningekuwa nimeshaanza kutafuta. Ningesubiri mwezi wa nane, na ungefika na kupita, na wa mwaka uliofuata pia ungefika, na leo ningekuwa na dawa na mkono wangu. Wewe unameza vidonge vyako kwa saa, mimi nadondosha vijiti nasingizia sakafu. Halafu unaniandikia methali ya mficha maradhi! Nyani haoni kundule.

Jana nilikwenda kwa Kerstin. Nilizunguka kanisa mara tatu kwanza. Nilipofika dirishani nikamwambia kwa sauti ya chini, "Nataka rufaa ya mishipa ya fahamu." Hakuuliza kwa nini. Alifunga kidirisha. Nikajua basi, ndiyo hivyo, anaenda kuwapigia wenzake. Kumbe anazunguka mlango. Akatoka, akanishika mkono, huohuo wa kulia.

"Linde," akasema, "sisi tunajua tangu kiangazi."

"Mnajua nini?"

"Ukienda kuchemsha kahawa, tunakurekebishia nyuzi. Tunapokezana. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu. Tulikuwa tunasubiri useme mwenyewe."

Traudel, wanawake wanane, umbea wao unaishinda redio, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilikuwa najisifu moyoni kwamba lesi yangu bado inatoka safi! Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa nikalia mpaka Kerstin akaniletea glasi ya maji, na karatasi, na ile namba yako ndefu ikiwa imeshagongwa juu yake.

Usiku kucha nimewaza jambo moja. Wao ndio niliokuwa nawaogopa. Wewe sikuwahi kukuogopa.

Karatasi ninayo. Kadi ninayo. Zschopau nitakwenda. Lakini siendi na Kerstin, ingawa ameomba, wala siendi na mwanangu. Treni yako inafika Jumatatu saa kumi na moja jioni, nimeshaangalia ratiba, na usiniambie habari za kwaya. Maua usilete. Goti njoo nalo. Huo mkono wako nao njoo nao, kijiko tutakinyanyua kila mtu na chake, na supu ikimwagika ni ya maboga, ipo tele.

Sijakusamehe. Nataka nikugombeze ukiwa mbele yangu, nikuone usoni. Kwa barua hukomi.

Linde